Mashine Iliyofunikwa Turubai

Mie sikusoma. Niliishia darasa la pili, na nyumba hii ya matofali hapa Temeke nimeijenga kwa nyundo na mkasi wa bati. Kwa hiyo mtu akinieleza habari za akili ya biashara, namsikiliza tu. Lakini lipo jambo moja la miaka ile ya Ujamaa ambalo mpaka leo sijalielewa, na nimechoka kujifanya nimelielewa.

Tulikuwa mafundi bati sita. Tulikaa juani kando ya njia, tunatengeneza koroboi na majiko kwa makopo ya mafuta ya kula. Serikali ikatuambia tuungane, itatupa banda na mashine ya kukata na kukunja bati. Tukaungana. Banda likajengwa, zuri, halivuji. Mashine ikaja kwenye lori, imefunikwa turubai. Ilikuwa ya umeme, na umeme ulikuwa haujafika kwenye lile banda.

Tukasubiri. Tulipochoka kusubiri tukachukua makopo yetu, tukaendelea kugonga kama zamani, pembeni ya mashine.

Basi wateja wakaja kama walioitwa. Kulikuwa na mama mmoja muuza samaki wa kukaanga, ambaye nilipokuwa kule njiani alikuwa akibishana nami bei mpaka mate yananikauka. Siku hiyo alisimama mlangoni, akalichungulia lile turubai.

“Hizi za mashine?”

Mwenzetu mmoja, mtu wa Newala, mwingi wa maneno, akamjibu, “Mama, si unaiona?”

“Nipe tatu. Zile za njiani zinavuja.”

Zile za njiani nilimtengenezea mie, kwa mikono hii hii. Nilitaka kumwambia, lakini alikuwa ameshalipa.

Afisa wa viwanda vidogo alipoona tunauza, akaniita kwenye semina kule Ubungo, nikawaeleze mafundi wengine siri ya mafanikio yetu. Wale nao walikuwa wanangoja mashine kama yetu. Njia nzima nilibishana na nafsi yangu. Nikisema kweli, huenda tukanyang'anywa kila kitu. Nikisema uongo, sifa zangu zote zinakwenda kwa chuma. Zamu yangu ilipofika ukumbini, nikasimama.

“Ndugu zangu, ile mashine haijazunguka hata siku moja. Hatuna umeme. Koroboi tunatengeneza wenyewe, kwa nyundo.”

Ukumbi ukacheka, wakidhani natania. Afisa hakucheka. Aliandika.

Wiki chache baadaye lori likaja kuichukua mashine, ikapelekwa kwa mafundi wenye umeme. Banda wakatuachia. Turubai wakalisahau. Mtu wa Newala akanigeukia mbele ya wenzetu.

“Umezipata sifa zako, fundi. Sasa tuzipike?”

Yule mama naye akarudi. Akapaangalia pale ilipokuwa mashine, akatia maji kwenye koroboi, akaiinua juu, akangoja idondoshe. Haikudondosha.

“Punguza bei basi,” akasema.

“Mama, hii ni ile ile uliyonunua juzi.”

“Aka. Ile ya mashine ilikuwa nzito.”

Akaondoka bila kununua, na wengine wakafuata nyayo zake. Ndipo mtu wa Newala akapanga makasha matupu pale pale, akayafunika lile turubai, akalifunga kamba vizuri. Hakunitazama. Mie ndiye niliyesema ukweli mbele ya ukumbi mzima, kwa hiyo mie ndiye niliyepaswa kulifunua. Nilikaa na nyundo yangu mkononi. Sikulifunua.

Wateja wakarudi. Yule mama alinunua mbili, hakutia maji. Nikanunua kiwanja, nikajenga, nikasomesha. Vijana wakiniuliza niliwezaje, nawaonyesha mikono, na mikono yenyewe inajieleza. Ila wakishaondoka nakaa nayo mapajani, naitazama, na yale makasha yananijia.