Kabati la Mama Kwenye Kona ya Ngazi

Sisi tuliokulia Mji Mkongwe tulichezea chochote walichokiacha wakubwa: vifuu, makopo ya maziwa, maganda ya viberiti. Mchana kutwa tuko sakafuni, tunapanga na kupangua. Mdogo wangu Zuwena, hata chuoni kusoma Kurani hajaanza kwenda, alikuwa akiligeuza kopo huku na huku, ulimi nje, mpaka liingie ndani ya jenziwe. Mama akipita na ufagio husema, "Nyumba yangu mmeifanya jaa." Wala hatukukoma.

Ikaja siku ya kuhamia Mpendae. Vitu vyote vilishuka isipokuwa kabati la mama, la mvule, alilopewa na bibi yake. Kwenye kona ya ngazi likakwama. Baba na ndugu yake, Ami Haji, walisukuma, wakavuta, wakalirudisha juu, shati zimewaroa jasho. Mwisho Ami Haji akasema, "Tulikate miguu, basi."

Mama alipitisha kiganja kwenye mlango wa kabati, akageukia ukutani. Baba akaenda kuazima msumeno.

Zuwena alikuwa amekaa ngazini na ganda la kiberiti, akilipitisha baina ya ukuta na ndara yake. Likakwama. Akalisimamisha wima, akalizungusha, likapita.

"Ami," akasema, "lisimamishe, halafu ulizungushe."

"Nshalizungusha, mwanangu."

"Ulilizungusha limelala."

Ami Haji akalitazama lile ganda, akacheka, akamwita baba arudi. Wakalisimamisha kabati. Likazunguka pale konani, likashuka bila hata mchubuko. Mama alimbeba Zuwena mpaka barabarani, akimbusu na vumbi lake, nasi nyuma tunashangilia utadhani harusi.

Siku hizi wajukuu zangu wanapanga matofali kwa kidole kwenye kioo cha simu, na yakianguka hayatoi hata sauti. Juzi nilimwomba mmoja anifunikie bakuli la wali. Akajaribu kifuniko kimoja, kikakataa, akaniuliza kama ipo video ya kuonyesha. Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikamwaga mabakuli yote sakafuni, tukakaa kuyatafutia vifuniko mpaka adhana ya alasiri, simu yake inalia wala haisikii.

Nyumba zetu za zamani zilikuwa na vitu vichache, lakini hakuna hata kimoja ambacho mikono yetu haikukijua.