Mbavu laini nilizompa Baba mukwe

(Msomaji huyu ameomba tumfiche. Jina lake, mtaa wake na jina la kampuni yake tumeviondoa.)

Wananchi wa kike na wa kiume, simameni kidogo. Natangaza kwamba siku ya Mungu, Jumapili iliyopita, hapa Lubumbashi, mbavu za nguruwe ziliiva ndani ya furu, lile jiko la umeme la kuokea, zikawa laini hata mfupa ukatoka wenyewe bila kuvutwa. Hakuna aliyepiga ngoma. Mpaka leo nikiwaza harufu yake mate yananijaa mdomoni, na si mate ya hamu, ni yale yanayotangulia kutapika.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na saba, baba wa watoto watano na kitambi kimoja, karani katika kampuni ya shaba. Waliponipandisha cheo tulitoka kambi ya wafanyakazi, tukaingia nyumba aliyoiacha Mzungu mmoja. Jikoni tulikuta furu nyeupe, kubwa kama kabati. Mke wangu, nimwite Mama Ilunga ingawa si jina lake, aliiangalia akasema, "Hii tutawekea masufuria." Akaweka masufuria, sabuni na chupa za mafuta, akaendelea kupika sombe yake ya majani ya muhogo nje kwenye mbabula, jiko la makaa. Chakula chake hakijanitia aibu hata siku moja. Shikeni hilo neno.

Sasa Baba mukwe, mzee wa mgodini aliyestaafu, akatuma habari kwamba anatoka Kambove kuja kututembelea. Mimi na majivuno yangu nikasema nitapika mwenyewe. Ujanani niliosha sahani kwa Wazungu, na nilimwona mpishi wao: anabandua ile ngozi nyembamba nyuma ya mifupa, anasugua chumvi na kitunguu saumu, anafunika bakuli vizuri, moto mdogo, masaa matatu. Mama Ilunga akacheka. "Baba Ilunga, weye hata chai inakushindaka."

"Nitoleeni masufuria yenu," nikamjibu, "muone kazi ya muntu aliyesoma."

Akatoa kila kitu chake, akapangusa, akanipisha. Nikaingiza nyama, kifuniko nikakisahau, nikawasha. Saa ya kwanza nilinusa kitunguu saumu, nikatembea jikoni kama mkubwa wa kampuni. Saa ya pili ikaja harufu nyingine, kali, inapanda puani mpaka machoni. Nikafungua furu. Moshi. Nikafunga. Saa ya tatu niliipeleka nyama mezani.

Kwetu mwenye kutoa chakula anaonja kwanza, mgeni aone kwamba ni safi. Nikavunja ubavu mmoja. Ulikuwa laini, Mungu ananiona. Lakini mafuta yake yalikuwa na nyuzi nyeusi nyembamba, na mdomo ulijaa naftalini, vile vidonge vya kufukuza wadudu wa nguo. Ilikuwa kama kutafuna koti la maiti. Nikaisukuma nyama chini na bukari, ugali wetu, nikatabasamu. "Iko muzuri, Baba. Karibu."

Mzee akala. Mtu hakatai chakula katika nyumba ya binti yake. Alitafuna polepole, macho yakilengalenga machozi, mafuta yakimshuka kidevuni. Alipomaliza alisema, "Nyama iko laini, siwezi kubisha. Lakini inanuka sanduku la marehemu nyanya yangu. Hii njo chakula ya Bazungu? Sasa nimejua juu ya nini balirudiaka kwabo."

Nikacheka peke yangu. Mzee akaacha utani. "Mukwe, nani aliweka kitu mule ndani?"

Nikasema, "Mama Ilunga njo anawekaka vitu vyake mule."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na maji ya kunawa. Alimnawisha baba yake mikono, kisha akaninawisha mimi. Mzee akamwambia kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko makelele, "Mwanangu, tulikufundisha vibaya. Siku ya kugawa posho tutarudi mimi na weye Kambove. Shangazi zako batakufundisha tena, mwezi moja." Mwanamke wa watoto watano, kurudishwa jikoni kwa shangazi kama bibi arusi mchanga.

Mnaosoma, mlio na wake na mlio na waume, niambieni nianzie kwa nani, kwa mzee au kwa mke, maana posho ni kesho kutwa na furushi limekwisha kufungwa. Lakini hamwezi kunishauri mkiwa mmedanganywa, basi ukweli wote ni huu.

Serikali ilipokataza karavati, zile tai za Kizungu, watu walizichoma au walizikatia watoto mikanda. Mimi yangu ya arusi sikuweza kuitupa, kwa sababu ilitoka kwa Baba mukwe mwenyewe, alinifunga shingoni kwa mikono yake. Niliizungushia naftalini, nikaificha chini ya bamba la furu, mahali ambapo hakuna mtu angetafuta. Halafu nikaisahau. Na saa ya pili, nilipofungua furu, niliinua bamba na uma nikaiona inaungua. Nilijua kabla ya kupakua. Nilijua nikionja. Nilijua nilipotaja jina la mke wangu.

Mama Ilunga naye anajua. Usiku ule ule aliisafisha furu. Jana niliona ncha ya kitenge chake imefungwa fundo, nikamuuliza ameweka nini. Akafungua: kipande cha karavati, kimeungua nusu. Akalifunga tena fundo lile. "Baba yangu ataniuliza huko Kambove nilikosea nini," alisema. "Nitamujibu nini, Baba Ilunga?"

Nimekaa kuwaandikia ninyi kwanza. Naftalini bado iko kooni.