Kiti Alichotengenezewa Mama

Nakumbuka siku moja, mwanangu, zamani za Wabelgiji, tulipopangwa mstari kijijini kwetu, upande wa Kabambare, ili muganga wa Leta, yaani wa serikali, atupapase shingo. Alikuwa anatafuta tezi za ugonjwa wa usingizi. Zamu ya mama ilipofika, mtoto mchanga akiwa kifuani, alipandisha kitenge akamwonyesha magoti. Yalikuwa yamevimba, na akichuchumaa yalilia kama kuni mbichi motoni.

"Mimi natafuta shingo, mama. Magoti hapana."

"Lakini yananiuma, hata usingizi sipati."

"Hii haiko ugonjwa. Iko uzee."

"Uzee? Na huyu anayenyonya, nilimuzaa na uzee?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Bila ugonjwa hakuna ruhusa ya kupumzika, na pamba ya lazima ya Leta ilikuwa inamngoja.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kila mavuno mama alibeba kitunga cha pamba mgongoni, kamba kwenye kipaji cha uso, mpaka kwenye mizani, monitere, msimamizi wa pamba, akimfuata kwa matusi. Mizani ilipima pamba; magoti hakuna aliyeyapima. Na bwana mkubwa wa Leta, mwenye magoti mazima, alipita njia ileile juu ya tipoyi, kiti kinachobebwa mabegani mwa watu. Nikikumbuka, mpaka leo nyongo inanipanda.

Mama akaanguka njiani na kitunga chake. Baba akasema basi. Akabeba pamba mwenyewe, wanaume wenzake wakimcheka, akamchongea mama kiti kizuri chenye mgongo, nasi tukamkalisha. Mama hachoti maji, hatwangi, hafagii. Akijaribu kuinuka tunapiga kelele: "Kaa, mama, kaa!" Wapita njia walisema mwanamke huyu anapendwa, nasi vichwa vikavimba.

Msimu ule dada yangu, aliyeolewa Lusangi, alikuwa na mimba ya kwanza. Kwetu, binti akizaa mara ya kwanza, anayemshika mgongo ni mama yake, si mwingine. Mama alisema anapumzisha magoti kwa ajili ya safari hiyo.

Ndipo akaja shangazi Feza, dada ya baba, kwa miguu kutoka Wamaza, magoti yake yamepinda, mkongojo mkononi. Akamwambia mama asimame wasalimiane. Mama hakuweza. Mapaja yalikuwa yamekonda kama ya kuku.

"Nani aliwaambia goti inapona kwa kukalishwa?" shangazi akatugeukia. "Mulango usiofunguliwa unashika kutu! Leta imemuvunja na pamba, ninyi mumemumaliza na kiti!"

"Dada, tulimuheshimu," baba akasema.

"Heshima ya maiti hiyo!"

Akakaa kwetu. Asubuhi alimkanda mama kwa maji moto, akamfundisha kunyoosha mguu, kuukaza, kuushusha polepole. Kisha hatua chache. Mkongojo mama aliukataa. "Wataniita muzee."

"Ulishaitwa, tena na kijana wa shingo. Shika!"

Mama alitembea tena, mpaka mtoni, mpaka shambani. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Dada alijifungua kabla mama hajaiweza njia ya Lusangi. Mgongo wake ulishikwa na mama mkwe, na mama yetu, mpaka anakufa, hakuacha kulisema hilo. Mama alimwona mjukuu wake siku mjukuu mwenyewe alipokuja kwetu kwa miguu yake.

Basi wewe unayevaa koti jeupe leo hapo Kasongo, mtu akikuonyesha goti, liguse. Usimfukuze kwa neno uzee. Uzee ni umri, na kuutaja si dawa. Mwambie apunguze mzigo, akaze mapaja, atembee kidogo kila siku, ashike mkongojo bila haya. Na mwenye mama nyumbani, mwambie ampokonye kitunga, asimpokonye miguu. Magoti yangu pia yanalia sasa. Wajukuu wakiniletea kiti, nawaambia wakikalie wao.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mizigo inayolingana na magoti yako, na siku binti yako atakapozaa, akufikishe mlangoni kwake kwa miguu yako mwenyewe.