Simu Iliyosema Mama Ameamka

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Mwanamume wa miaka thelathini na mmoja ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda cha mama yake, waya wa chaji mkononi. Anauchomeka kwenye simu ya mama. Kioo kinawaka. Sekunde mbili baadaye simu yake mwenyewe inalia, na maandishi ya kijani yanatokea: "Mzazi wako ameamka. Usiwe na wasiwasi."

Mama anakoroma.

"Umeona?" anamnong'oneza mgeni aliyekuja kusikia kisa chake. "Hii ni mara ya arobaini tangu jana. Zote arobaini inasema ameamka."

Maneno hayo ya kijani aliyatunga mwenyewe. Kazini wanamwita Kioo, kwa sababu kwa miaka sita amekuwa akiandika programu za simu zinazotambua kioo kinapowaka na kinapozima. Ni kazi isiyo na sifa. Simu ikizima na video ikasimama yenyewe, hakuna anayejiuliza ni nani aliyeumiza kichwa.

"Simu ina mdomo," anaeleza. "Kioo kikiwaka, inazitangazia programu zilizomo ndani. Kikizima, inatangaza tena. Kazi yangu ni kusikiliza."

Miaka miwili iliyopita baba yake alifariki, mama akabaki peke yake. Hakutaka kupigiwa simu kila asubuhi kama mgonjwa. Kioo akapata wazo: simu ya mama imtonye mwanawe kimyakimya. Kioo kikiwaka asubuhi, basi mama yu macho.

Bosi wake alilipenda wazo hilo kuliko hata mwenye nalo. Leo programu iko kwa familia elfu mbili na mia nne, na tangazo lake linajigamba: "Jua hali ya mzazi wako bila kumsumbua."

Mganga hajigangi. Miezi mitano iliyopita, Jumanne saa kumi jioni, mama aliteleza jikoni akavunjika nyonga. Simu ilikuwa mezani kwenye chaji, hatua nne tu kutoka alipoangukia. Siku hizo umeme ulikuwa wa kukatika na kurudi. Kila uliporudi, chaji iliishtua simu na kioo kikawaka. Jumatano asubuhi Kioo, akiwa ofisini katika mji mwingine, alisoma maandishi yake ya kijani, akamalizia chai.

Mama alilala sakafuni saa ishirini na tano. Aliyemkuta ni jirani, fundi cherehani, aliyekuja kumletea gauni lake.

"Dada yangu aliponipigia nilimbishia," Kioo anasema. "Nikamwambia haiwezekani, mama kaamka saa kumi na mbili na dakika tisa, ninayo hapa. Namwambia hivyo, naye yuko hospitali kamshika mama mkono!"

Kosa lake analijua vizuri. Kidole cha mtu huwasha kioo, na umeme wa ukutani huwasha kioo. Yeye hakuvitofautisha.

Mama anaamka, safari hii kweli. "Wewe, mgeni hata kiti hujampa, umekazana na waya tu?"

Daktari alisema angefikishwa mapema angetembea vizuri. Sasa anatembea kwa fremu ya chuma, hatua sita kisha apumzike. Akiulizwa kuhusu siku ile, anajibu bila kupandisha sauti.

"Nilikuwa naiona simu pale mezani. Inawaka, inazima. Nikasema, mwanangu ananiona, yuko njiani. Nikaacha kupiga kelele, nisije nikawasumbua majirani bure."

Kioo anainuka, anatoka nje. Anaporudi macho ni mekundu, na mama anajifanya hakuona.

Toleo jipya ameshaliandika. Halisikilizi kioo kabisa. Lina kitufe kimoja kikubwa, "Nimeamka", ambacho lazima kiguswe na kidole. Kisipoguswa hadi saa mbili asubuhi, simu za watoto zinapiga kengele. Bosi amelikalia kwa miezi minne.

"Anasema kitufe kinasumbua wazee, na sisi tumetangaza hatusumbui," Kioo anasema. "Familia elfu mbili na mia nne zinaendelea kusoma uongo wangu kila asubuhi."

Jumatatu watakutana. Atakwenda na video inayoonyesha waya wa chaji ukiwasha kioo, na barua ya kuacha kazi mfukoni. "Nataka yale maneno yafutwe kwenye simu za watu kabla hayajamdanganya mtoto mwingine. Basi. Nikishindwa, sirudi pale."

Anamwekea mama simu mkononi ajaribu kitufe. Kidole kinakosa, kinapata. Simu ya Kioo inalia.

"Na siku nikishindwa kubonyeza?" mama anauliza.

"Nitakuja, mama."

"Hata siku ile nilijua utakuja," mama anasema, na kumrudishia simu.