Sabufa na Ng'ombe wa Jirani

Katika duka moja la vifaa vya umeme hapa Karatu niliwakuta majirani zangu, mume na mke, wakichagua sabufa. Wengi huita hivyo seti nzima. Sabufa hasa ni lile boksi la besi. Mume alikuwa amelikumbatia kubwa kuliko yote.

"Sebule yenu ina ukubwa gani?" muuzaji aliuliza.

"Ya kawaida. Ila mpira nataka niusikie kama niko uwanjani."

"Baba watoto," mke alisema, akigonga ukuta wa duka kwa vidole, "nyuma ya ukuta wetu analala nani?"

"Ng'ombe."

"Naye amezaa juzi. Akishtuka atazuia maziwa. Yule mzee anywe chai ya rangi?"

Mzee ni mimi. Tangu mke wangu alazwe, mama huyu huniletea maziwa kila asubuhi bila kuombwa. Nilijibanza nyuma ya majokofu wasinione.

Mume alilitua boksi polepole, akachukua dogo. "Haya, tupe saizi ya ng'ombe."

Kesho yake yule mama alipoleta chupa ya maziwa nilimshukuru kwa maneno mengi kuliko kawaida yangu. Akaniuliza kama naumwa.