Konokono Mfukoni mwa Shemeji

Fundi makombe alikuwa na mikono ya taratibu na mdomo wa haraka. Kutwa alishinda chumba cha mbele akisugua makombe, yale magamba ya konokono wa baharini, kwa mswaki uliochakaa, akiyatoboa na kuyatunga mikufu. Sheria yake moja: kombe haliingii ndani kabla ya kulala uani, kwenye beseni la maji ya bahari. Likijitembeza lenyewe, lina mwenyewe ndani, linarudishwa baharini.

Shemeji yake, mume wa mdogo wake, sheria aliijua. Ila siku hiyo mapenzi yalimpanda kichwani. Aliingia kifua mbele, mfuko wa shati umetuna.

"Shemeji, nimemwokotea mdogo wako kito! Kama koni, kina marembo hayo! Nitobolee nimvishe."

"Umekilaza wapi?"

"Kifuani, karibu na moyo."

Fundi akainua macho. Kwenye ukingo wa mfuko, kimkonga chembamba kilichungulia kama jirani mbea.

"Usikiguse," alisema polepole. "Huyo konokono yuko hai. Ana jino kama mshale, lina sumu. Akimchoma samaki, samaki hamalizi hata kushangaa. Na watu wameshakufa. Vua shati."

Jamaa alinywea, lakini mikono haikwenda kwenye vifungo. Macho yalikwenda pembeni, alikokaa mama mkwe akishona pindo la shuka.

"Mbele ya mama?" alinong'ona. Ndani hakuvaa kitu. Mbele ya mkwe huyu hakuwahi hata kukunja mikono ya shati, sembuse kuanika kitambi!

"Chagua basi, aibu au jeneza."

"Baba," mama mkwe alisema, sindano haijasimama, "ujane hautampendeza binti yangu. Vua." Akageuza kiti, akatazama ukuta.

Vifungo vikafunguka. Fundi alimwinamisha ili mfuko uning'inie mbali na ngozi, akalivua shati kuanzia mabegani, akalishika kola, akalikimbiza uani na kulitumbukiza lote kwenye beseni la maji ya bahari.

Walikaa uani wakilitazama beseni. Konokono akatoka mfukoni bila haraka, kama mgeni aliyeshiba. Shemeji, kajifunika kitambaa cha meza, pumzi ikamrudia.

"Mama," akaita dirishani, "unaweza kugeuka sasa."

"Nilishageuka kitambo, baba. Mrudishe huyo kwao, halafu uje nikupime shati jingine. Hilo, kitambi kimelishinda."