Bingwa wa Mpira wa Kushika

Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye duka la kutoa kopi pale mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, huku ughaibuni, nyuma ya mwanafunzi Mkenya aliyekuwa akichapisha insha. Alikuwa ameandika juu ya msimu mmoja wa ligi ya vyuo vya Marekani, ule mpira wao wa kushika kwa mikono, zaidi ya miaka mia iliyopita. Insha ilitakiwa saa sita mchana, naye alikuwa amekwama ukurasa wa mwisho.

"Wueh! Vyuo viwili havikufungwa hata mechi moja," alinilalamikia, "na havikuwahi kukutana. Sasa bingwa ni nani?"

Dereva mmoja wa Kizanzibari, aliyekuwa akingoja kopi ya leseni yake, akainua kidole. "Mwalimu wako kasoma chuo gani?"

Kijana akakuna kichwa. "Kimoja kati ya hivyo viwili."

"Basi bingwa si ndicho hicho, mwanangu! Wasumbuka nini?"

Duka zima tulicheka. Kijana akafuta jina la kile kingine alilokuwa ameliandika kwa kubahatisha, akaweka la chuo cha mwalimu.

Juzi nilikutana naye tena, uso umemshuka. Akanionyesha alama ya chini, na chini yake maneno ya mwalimu kwa wino mwekundu: "Nilisoma pale miaka minne. Hata sisi tunajua kwamba chuo chetu ndicho kilichokimbia kukutana na kile kingine."

Mwenye upendeleo angalau unajua pa kumshika. Mkweli ndiye anayetumaliza.